Shemeji alilipa kwanza: kisa cha pesa za kumsomesha anayeosha wazee

Wacha nianze na karatasi yenyewe juu ndiyo iliyobeba kisa chote. Ni risiti ya rangi ya njano, imekunjwa mara nne, imekaa ndani ya Biblia ya shemeji yangu tangu Februari 2022. Imeandikwa kozi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, dola 895, imelipwa keshi. Pembeni kuna stempu ya skulu ambayo wino ulikuwa umeisha, ukiangalia haraka unaona nusu duara tu. Nilimcheka siku nyingi kwa kuhifadhi makaratasi, ata risiti ya mayai anaweka, na saa hii naandika hapa nikijua ningekuwa na tabia kama yake ningekuwa nimerudishiwa zangu pia.

Kwa wale hawajui, hapa Minnesota, hasa Brooklyn Park na mitaa ya karibu, Wakenya ni wengi sana na karibu kila nyumba ina mtu aliyepitia kazi ya wazee. Kuosha wazee, ndivyo tunavyosema wenyewe, mtu akisema vizuri anasema "niko medical". Mimi niliifanya miaka sita kabla ya kuingia kwa lori. Si kazi ya kudharau, ndiyo iliyojenga nyumba nyingi kule Kisii na Nyamira, lakini ni kazi ambayo unaingia kwa kulipa. Unalipa kozi, unalipa kitabu, unalipa mtihani, unanunua yunifomu na viatu vya kusimama masaa kumi na mbili, ndipo mtu akuandike kibarua. Hivyo ndivyo tulivyokuta na hivyo ndivyo tulivyowaambia waliokuja nyuma yetu, na hapo ndipo tulipokosea.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, alifika Novemba 2021 na grinkadi ya bahati nasibu. Baridi yake ya kwanza, hana gari, Kiingereza cha darasani anacho lakini Wamarekani wakiongea haraka anabaki kutabasamu tu. Kule nyumbani alikuwa anauza nguo sokoni. Jumapili ya pili kanisani akapewa ushauri ule ule tunaompa kila mtu, fanya CNA, wiki chache unamaliza, Machi uko kazini. Mimi ndiye nilimpeleka kwa ile skulu, mke wangu akamkopesha 500, zingine akatoa kwa ile hela aliyokuja nayo. Jumla yake, kozi 895, kitabu 70, mtihani wa jimbo 260. Dola 1,225. Kwa mtu ambaye mama yake alikuwa anasubiri miwani Kisii hizo si pesa ndogo.

Sasa angalia hii. Wakati ule ule, Desemba 2021, gavana wetu Tim Walz alikuwa ametangaza mpango wa kuwafundisha CNA wapya angalau 1,000 kufikia mwisho wa Januari 2022, bure, kwa pesa zile za serikali kuu za kuinua nchi baada ya korona, darasa katika vyuo vya umma vya jimbo, juu nyumba za wazee zilikuwa zimeishiwa watu kabisa mpaka wanajeshi wa akiba wakaitwa kusaidia. Ilitangazwa kwa redio, kwa televisheni, kwa tovuti za vyuo. Sisi hatukusikia. Sisemi walituficha, nasema hakuna aliyekuja kutangaza kwa kanisa letu wala kwa yale maduka yetu ya unga, na sisi wenyewe hatukuwa tunaangalia upande huo kwa sababu ukishazoea kwamba kitu kinalipiwa huendi kuuliza kama kuna mahali kinapewa bure.

Kozi yenyewe ilikuwa masaa 75. Hiyo 75 haikutoka hewani, ni kiwango cha chini kabisa ambacho sheria ya serikali kuu inadai, ile sheria ya 1987 aliyotia sahihi Ronald Reagan baada ya nchi kupigwa na aibu ya jinsi wazee walivyokuwa wanatunzwa. Majimbo mengine yameongeza, California ni 160, Maine 180, sisi hapa tumebaki pale pale kwa 75. Masaa 16 ya kwanza ni kabla hujamgusa mzee yeyote, unafundishwa kuongea naye, kuzuia maambukizi, usalama, haki zake. Baadaye kunawa mikono huku mwalimu anahesabu sekunde, kufunga ule mkanda wa kiunoni wa kumuinulia mgonjwa, kupima mkojo kwa usawa wa macho, kumgeuza aliyelala ili asipate vidonda. Shemeji alikuwa anafanyia mazoezi kwa mke wangu kwenye kochi, nikirudi kutoka safari nakuta mke wangu ameviringishwa kwa shuka kama chapati.

Masaa 75 ni wiki mbili za kazi ya kawaida. Ukitaka laisensi ya kupaka watu rangi ya kucha hapa Minnesota unasoma masaa 350. Sitaki kudharau mafundi wa kucha, dada zetu wengi wako huko, ila hebu zilinganishe.

Alipita mtihani mara ya kwanza. Kazi ya kwanza akapata Mei 2022 kwenye nyumba ya kupanga ya wazee, zile ambazo mzee ana chumba chake na mlango wake na anasaidiwa dawa, kuoga na chakula. Hapa sasa ndipo penye kona ambayo watu wengi wanaanguka. Ile sheria ya 1987 inasema nyumba za wazee zinazolipwa na Medicare na Medicaid, zile bima za afya za serikali za wazee na za wenye kipato kidogo, yaani nasing homu yenyewe ile ya manesi, haziwezi kumtoza CNA hata senti ya mafunzo kama tayari ameajiriwa au ameahidiwa kazi siku anapoanza kozi. Ata kitabu. Na kama ulijilipia mwenyewe, halafu ndani ya miezi 12 tangu umalize kozi ukaajiriwa na nasing homu kama hiyo, jimbo lazima liweke utaratibu urudishiwe. Hiyo ni sheria ya nchi nzima. Sheria ya Minnesota ikaongeza kwamba nasing homu ndiyo inakurudishia, siku 90 baada ya kuajiriwa, karo na vitabu na gharama ya mtihani, halafu wao wanaihesabu kwenye gharama wanazolipwa na serikali.

Lakini ni nasing homu. Nyumba ya kupanga haimo. Wale mawakala wanaokutuma leo hapa kesho pale, wanaokulipa dola kadhaa zaidi kwa saa na ndiyo maana tunawapenda, nao hawamo. Grupu homu za kwetu, zile nyumba ndogo za kutunza watu wachache ambazo Wakenya wengi wamefungua, hazimo. Ukiangalia mahali ambapo mtu wetu anaanzia kazi, mara nyingi ni hizo tatu, kwa hivyo saa inahesabu miezi 12 huku yeye hajui kama kuna saa.

Shemeji aliihama ile nyumba ya kupanga Januari 2023 si kwa sababu ya sheria, hakuna aliyekuwa anaijua, alihama kwa sababu ya basi. Nasing homu mpya ilikuwa kwenye njia ya basi moja. Alikuwa amemaliza kozi Machi 2022, kwa hivyo alikuwa mwezi wa kumi. Bahati tu.

Aliyemfungua macho ni mama mmoja Mliberia, ana miaka ishirini kwa hiyo kazi, walikuwa wamekaa chumba cha mapumziko wanapasha wali kwenye maikrowevu na shemeji akawa analalamika kwamba deni la mke wangu bado hajamaliza. Yule mama akamuuliza, walikurudishia za skulu? Shemeji akafikiri anaulizwa kama skulu ilimfukuza. Ndipo akaelezewa.

Sasa safari ya HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi. Mara ya kwanza akaambiwa hiyo ni ya wale tuliowafundisha sisi wenyewe. Lakini hiyo nasing homu haikuwa inafundisha mtu! Na hii nayo ina sababu yake ambayo nilikuja kuielewa baadaye: sheria ile ile inasema nasing homu ikipigwa faini kubwa kupita kiwango fulani kwa makosa ya kutunza wazee inanyang'anywa ruhusa ya kuendesha darasa la CNA kwa miaka miwili. Sijui kama hao ndivyo ilivyokuwa, nisiwasingizie, lakini ukifikiria utaratibu wenyewe unacheka kwa uchungu, juu mahali palipokosa watu wa kutosha ndipo patakosea, pakikosea panapigwa faini, pakipigwa faini panakatazwa kufundisha watu, na sasa watu watatoka wapi?

Mara ya pili akaambiwa alete risiti. Akaleta ile ya njano. Wakasema haisomeki stempu. Tukarudi kwa skulu, mwenye skulu akatuandikia barua lakini akatuweka wiki tatu. Mara ya tatu akaambiwa umepitisha muda, ulipaswa kuomba ndani ya siku 90. Hapo mimi nikakasirika kweli nikaingia mtandaoni usiku huo, nimeegesha lori Iowa, nikasoma kile kifungu mwenyewe. Kinasema utarudishiwa siku 90 baada ya kuajiriwa. Inamaanisha kabla ya siku 90 hawalazimiki, baada ya hapo wanalazimika. Wao walikuwa wameigeuza nguo ndani nje. Nikamwandikia shemeji imeli fupi ya adabu, nambari ya kifungu, tarehe ya kumaliza kozi, tarehe ya kuajiriwa, kiasi, na mstari mmoja wa mwisho kwamba anaomba jibu kwa maandishi. Hilo la maandishi nadhani ndilo lililofanya kazi. Cheki ilitoka Julai 2023, dola 1,225 kamili. Viatu na yunifomu havikuhesabiwa.

Sasa nipige hesabu yangu ya dereva. Shemeji alitoa pesa Februari 2022, akarudishiwa Julai 2023. Miezi 17. Kwa miezi 17 mtu aliyetoka Kenya juzi, analala kwenye chumba cha watoto wangu, alikuwa ameikopesha serikali ya Marekani dola 1,225 bila riba ili iweze kupata mtu wa kumuosha mzee wake. Na huyo ni yule aliyepata. Mimi niliikopesha moja kwa moja, mkopo wangu haurudi. Wangapi kwa mtaa wetu wako kama mimi siwezi kukuambia, lakini nilipouliza kwenye harusi moja meza ya watu nane waliopitia CNA, aliyewahi kurudishiwa alikuwa mmoja, na yeye ni kwa sababu HR wa kule alikuwa Mkenya.

Niwaambie kidogo kuhusu kazi yenyewe ndio muone kwa nini masaa 75 yananikera.

Kwenye ile nasing homu kulikuwa na mzee mmoja, alikuwa mfugaji, upande wa Stearns kule kwenye ng'ombe wa maziwa. Amesahau karibu kila kitu, ata mtoto wake akija anamwita jina la kaka yake. Lakini kila siku saa kumi jioni ikifika, jua likianza kuinama, anasimama kwa nguvu, anataka koti, anaenda mlangoni. Ni saa ya kukamua. Ukimwambia mzee hapa hakuna ng'ombe, anakupiga. Wiki ya kwanza alimkwaruza shemeji mkono, kovu liko. CNA wengine walikuwa wanamvuta kurudi kwa kiti, watu wawili, anapiga kelele mpaka wengine nao wanaanza.

Kulikuwa na nesi mmoja wa RN, yaani nesi kamili aliyesajiliwa, mama wa makamo, aliyemwambia shemeji usibishane naye, ingia kwenye siku yake, muulize. Huyo nesi alikuwa amepitia mafunzo ya chuo kikuu ya kutunza wazee waliopoteza kumbukumbu, bila kulipa, kwa pesa za serikali, nitazirudia. Basi siku iliyofuata saa kumi, mzee amesimama, shemeji akasimama naye akamuuliza ng'ombe wangapi. Arobaini na mbili. Nani anatoa mengi? Akatajiwa jina la ng'ombe. Wa kwetu walikuwa wawili tu, shemeji akamwambia, na mmoja alikuwa anapiga teke ndoo, tukamfunga miguu ya nyuma kwa kamba. Mzee akacheka! Akaeleza yeye alikuwa anafanyaje na wa kupiga teke. Wakatembea korido mara mbili wakikagua, kila mlango ni zizi, halafu shemeji akamwambia wameshakamuliwa wote, twende tunywe kahawa. Akaenda. Tangu hapo saa kumi walimwachia yeye, na akiwa ofu wenzake wanampigia simu kumuuliza nimwambie nini.

Ng'ombe wawili alitoka nao Kisii. Kutobishana alifundishwa dakika tano na nesi aliyefundishwa. Hizo dakika tano hazikuwa ndani ya 75, au kama zilikuwa zilipita kwenye slaidi moja.

Basi nikataka kujua hizo pesa za yule nesi zilitoka wapi, juu nikizoea kusoma vifungu usiku kwenye lori siachi. Iko hivi. Marekani ilipitisha sheria kubwa ya kusomesha manesi kwa pesa za serikali kuu mwaka 1964, enzi za Lyndon Johnson. Hiyo ni manesi kwa jumla. Ya wazee hasa, kwa manesi, ilikuja 2002, sheria ya George W. Bush ya kuwekeza upya kwa unesi, ikaunda mfuko wa elimu ya kutunza wazee. Ulikuwa mdogo, kama milioni 4 na kitu kwa mwaka kwa nchi nzima. Mwaka 2008 kamati ya wataalamu wa Taasisi ya Tiba ikatoa ripoti ikisema chini ya asilimia 1 ya manesi wa RN wana cheti cha utunzaji wa wazee. Asilimia 1! Na ndio wazee wanaojaza hospitali. Halafu 2015 shirika la HRSA, ndilo linalogawa hizi pesa, likachukua ule mfuko wa manesi likauchanganya na ya madaktari, madaktari wa meno na wengine ikawa kapu moja linaloitwa GWEP. Mwaka huo wakatoa dola milioni 35.7 kwa taasisi 44 katika majimbo 29. Chuo Kikuu cha Minnesota kiliingia 2019. Machi 2020, ndani ya ile sheria kubwa ya msaada wa korona, Bunge likauidhinisha tena, hadi dola milioni 40.7 kwa mwaka mpaka 2025.

Milioni 40.7 inasikika kubwa mpaka ugawanye. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wa miaka 65 na zaidi milioni 55.8. Ni senti 73 kwa kila mzee kwa mwaka mzima, na hapo imehesabiwa kana kwamba zimetoka zote na ni za nesi peke yake, kumbe wako daktari, mfamasia, mtu wa ustawi wa jamii, wote kwenye sufuria moja. Wakati huo huo mafunzo ya madaktari hospitalini yanalipiwa na Medicare zaidi ya dola bilioni 10 kila mwaka. Kuna wakati walijaribu kuwafanyia manesi vile vile, sheria ya Obama ya 2010 ilitenga milioni 200 kwa miaka minne, 2012 wakachagua hospitali tano, moja ya Pennsylvania, Duke, Rush ya Chicago, moja Arizona na moja Houston, lakini hiyo ilikuwa kwa manesi wa ngazi ya juu kabisa wale wanaoandika dawa, na ilikuwa ya majaribio.

Sidharau hiyo GWEP. Bila hiyo yule nesi asingekuwa na la kumwambia shemeji. Ninachokiona mimi ni kwamba pesa za juu zinafika kabla, chuo kinapewa ndipo kinafundisha, hakuna profesa anayetoa mshahara wa miezi 17 mfukoni asubiri cheki. Ukishuka chini kwa anayebadilisha nepi, utaratibu unageuka, toa kwanza, hifadhi risiti, jua kifungu, omba kwa adabu.

Turudi kwa shemeji. Ile imeli ilikuwa na faida ya pili. Yule wa HR alipoona anaongea na mtu anayesoma, au pengine aliona haya, sijui, akamwambia kuna basari. Hii nayo ni ya Minnesota, sheria ya malipo ya nasing homu inaruhusu jimbo liwalipe kwa karo wanazowasomeshea wafanyakazi wao, lazima iwe wazi kwa kila anayefanya wastani wa masaa 10 kwa wiki au zaidi isipokuwa mkurugenzi mwenyewe, na kozi iwe ya kumpandisha ngazi hapo hapo au kwenye utunzaji wa wazee. Inalipia mpaka masomo ya Kiingereza yanayohusu kazi. Ilikuwepo siku zote, imeandikwa kwenye kitabu cha wafanyakazi ukurasa wa thelathini na ngapi sijui, kile ambacho unatia sahihi siku ya kwanza kwamba umesoma.

Akaingia LPN, ile ngazi ya unesi iliyo kati ya CNA na RN, chuo cha jamii, Agosti 2024, baada ya mwaka mzima wa masomo ya kuanzia, anatomia na yale mengine. Karo ikalipwa na basari, na sehemu ndogo na Pell, ule msaada wa karo wa serikali kuu usiorudishwa, juu ana grinkadi. Hapa niseme kwa walio na viza ya mwanafunzi, Pell hamna yenu, msidanganywe na mtu. Walio na karatasi ya kufanya kazi, hata wanaosubiri kesi ya hifadhi, waende zile ofisi za ajira za serikali waulize pesa za WIOA, zile za serikali kuu za mafunzo ya kazi, zinaweza kulipia CNA kabla hujatoa senti. Hiyo ningeijua 2021 kisa hiki kisingekuwepo.

Mwaka huo nyumba yetu ilikuwa kama kituo cha basi. Shifti ya usiku Ijumaa Jumamosi Jumapili, darasa Jumatatu, kliniki Jumatano na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa analala kwenye gari, saa hii alikuwa amepata ka-Corolla, blanketi mbili, anaweka alamu tatu. Mama yake alianguka Novemba akavunja nyonga na aliyekuwa anamuosha kule Kisii ni msichana wa kazi anayelipwa kwa hizo hizo shifti, ambaye hakusoma hata saa moja ya kutunza mtu mzima, shemeji anamwelekeza kwa simu ya video, mgeuze hivi, weka mto katikati ya magoti, hapana, mto ule mwingine.

Wakati anasoma, huko juu mambo yalikuwa yanabadilika. Aprili 2024 serikali ya Biden ilikuwa imetoa kanuni kwamba kila nasing homu iwe na RN masaa 24 na kila mzee apate angalau masaa 3.48 ya utunzaji kwa siku. Aprili 2025 jaji wa Texas akaifuta sehemu kubwa, na Julai 2025 sheria kubwa ya Trump ikazuia isitekelezwe mpaka 2034. Wenye nyumba walisema watu hao hawapo, tutawatoa wapi. Kusema ukweli hawakudanganya kabisa, ila mimi nilikuwa nakumbuka risiti ya njano.

Alimaliza, akapita mtihani wa LPN, sasa ana beji mpya. Anataka RN. Ule mpango wa serikali wa kulipa madeni ya manesi, Nurse Corps, unaolipa asilimia 60 ya deni ukifanya miaka miwili mahali penye uhaba, ni wa RN kwenda juu, LPN hayumo, kwa hivyo ameanza kuhesabu tena. Yule mzee wa ng'ombe alifariki Februari. Shemeji alikuwa darasani, akaambiwa na yule Mliberia.

Jumapili iliyopita kanisani kuna dada amekuja, ana wiki tano Amerika, amevaa koti la kuazima. Amesema ameshaanza CNA, ameshalipa. Shemeji alimshika mkono kabla ya mimi kufungua mdomo akamuuliza, risiti iko wapi? Dada akasema alilipa kwa simu kwa mwenye skulu mwenyewe, hakupewa karatasi. Wakatoka nje wakaenda kukaa kwa ile Corolla, hita imewashwa, wanatafuta ule ujumbe wa simu.